Sura ya Tano: Uchafu Usioungua

Kauri za kiufundi ni vitu vigumu visivyo vya metali vinavyotengenezwa kwa unga laini sana wa madini yaliyosafishwa kiwandani, unga ambao hukandamizwa au kumiminwa ndani ya kalibu ili upate umbo, kisha ukachomwa kwa joto kali hadi chembe zake zikashikana na kuwa kitu kimoja bila kuyeyuka. Tofauti yake na vyungu, vigae na vikombe vya chai haiko katika moto bali katika malighafi, kwa kuwa hapa udongo hautumiki kama ulivyochimbwa. Kinachotumika ni kemikali iliyopimwa na kuchujwa, kama vile alumina, ambayo ni oksidi ya alumini, zirkonia, ambayo ni oksidi ya zirkoni, au nitridi ya silikoni. Bidhaa hizo zimetapakaa maishani ingawa wachache huzitambua: sehemu nyeupe ya plagi ya pikipiki ni alumina, mataji mengi ya meno yanayotengenezwa siku hizi ni ya zirkonia, na nyonga bandia zimekuwa zikiwekewa vichwa vya kauri tangu daktari Pierre Boutin alipoanza kuitumia alumina kwa kazi hiyo mjini Pau, Ufaransa, mwaka 1970. Katika viwanda vya chipu za kompyuta, sehemu nyingi za mashine zinazogusa visahani vya silikoni nazo ni za kauri, kwa kuwa huhimili joto na kemikali ambazo metali nyingi zingeshindwa kuzistahimili.

Kwa kuwa vitu hivi vyote hupita motoni, wengi huamini kwamba moto ndiyo hatua ya usafi. Alumina huchomwa kwa takribani nyuzijoto 1,600 za Selsiasi, na kwa akili ya kawaida ni vigumu kufikiri kwamba mafuta ya kidole, vumbi la karakana au chembe ya kutu inaweza kupita katika joto la namna hiyo ikabaki na neno la kusema. Imani hiyo ni kweli nusu. Moto huondoa kile kinachoweza kugeuka gesi, lakini kile kisichoweza hukiyeyusha, hukisambaza na kukifunga ndani ya uso wa kauri, mahali ambapo hakuna sabuni wala asidi itakayokifikia bila kuiharibu kauri yenyewe. Hoja inayotetewa katika sura hii ni kwamba usafi wa kauri huamuliwa kabla ya tanuri kufungwa na baada ya tanuri kufunguliwa, na kwamba kiwanda kinachotegemea moto umalizie kazi ya kusafisha kimeukabidhi moto kazi usiyoiweza.

Ili kuelewa kwa nini jambo dogo kama uchafu wa uso hupewa uzito mkubwa hivi, ni lazima kwanza kueleza namna kauri inavyovunjika. Metali inapolemewa, atomi zake huteleza zikapishana, na ncha ya ufa huwa butu kwa sababu kitu kilicho mbele yake hulegea na kunyumbuka. Kauri haina uwezo huo. Mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alionyesha mwaka 1920, kwa majaribio ya kioo, kwamba kitu cha namna hii huvunjika kwa nguvu ndogo sana kuliko ile ambayo vifungo vya atomi zake vingeweza kubeba, kwa sababu ndani yake au juu ya uso wake tayari kuna nyufa ndogo zinazokusanya mkazo katika ncha zake. Uwezo wa alumina wa kuzuia ufa usienee ni chini ya sehemu ya kumi ya ule wa vyuma vingi vya ujenzi, na hesabu ya Griffith, ikitumiwa kwa alumina ya kawaida, inaonyesha kwamba chini ya mkazo wa megapaskali 300 hivi, ufa wenye kina cha takribani maikromita 100 unatosha kukipasua kipande chote. Maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hiyo kinachozungumziwa ni kasoro yenye kipimo cha unene wa unywele. Tena, kipande kinapopindwa, mkazo mkubwa zaidi huwa usoni wala si katikati, na ndiyo sababu kasoro ya usoni huogopwa kuliko kasoro ya ukubwa uleule iliyojificha ndani.

Mfano wa unywele haukutolewa kwa ajili ya kipimo tu, kwa sababu nywele na nyuzi za nguo ni miongoni mwa wachafuzi wanaofahamika sana katika kazi hii. Unywele ukidondoka ndani ya unga kabla ya kukandamizwa, hubanwa pamoja na unga huo ukawa sehemu ya kile kinachoitwa umbo bichi, yaani kipande ambacho hakijachomwa na ambacho bado ni laini kama chaki. Kipande kinapoanza kupashwa moto polepole, gundi iliyochanganywa na unga ili kuushikilia huungua kati ya nyuzijoto 200 na 600, na unywele nao huteketea wakati huohuo. Kwa mtazamo wa kemia, basi, moto umefanya kazi yake, kwani mchafuzi hayupo tena. Lakini pale ulipokuwa unywele pamebaki mfereji mtupu. Matundu madogo yaliyo kati ya chembe na chembe huzibika kadiri chembe zinavyoshikana na kipande kinavyosinyaa, na alumina kwa kawaida husinyaa asilimia 15 hadi 20 kwa urefu. Mfereji ulio mpana mara nyingi kuliko chembe zinazouzunguka, hata hivyo, hauzibiki, bali husinyaa pamoja na kipande na kubaki humo.

Kipande cha namna hiyo kikivunjika miezi kadhaa baadaye, mtaalamu wa mivunjiko hukiweka chini ya hadubini ya elektroni na kufuata alama zilizoachwa na ufa ulipokuwa unakimbia. Karibu na chanzo cha ufa uso huwa laini na wa kung'aa, ukizidi kwenda nje hupata ukungu, kisha huwa na mistari ya mikwaruzo inayotawanyika kama miale, na mistari hiyo yote ikifuatwa kinyumenyume huelekeza mahali pamoja. Hapo ndipo mfereji unapoonekana. Kuta zake hazifanani na sehemu nyingine ya mvunjiko: mahali pengine chembe zimekatika au zimeng'oka, zina kingo kali, ilhali ndani ya mfereji chembe zina nyuso timilifu na pembe zilizolainika, kwa sababu zilikua motoni zikiwa zimetazama nafasi tupu. Tofauti hiyo ni ushahidi kwamba tundu lilikuwapo kabla tanuri halijapoa, na kwamba halikusababishwa na mtumiaji. Katika migogoro kati ya mtengenezaji na mnunuzi, picha moja ya namna hii huwa na nguvu kuliko barua nyingi.

Uchafu usioungua una tabia nyingine. Chuma ndicho kinachosumbua zaidi, si kwa sababu ni kibaya kuliko vingine bali kwa sababu kipo kila mahali. Unga wa kauri husagwa ndani ya pipa linalozunguka likiwa na mipira migumu, na mipira hiyo hulika. Ikiwa ni ya chuma, kila saa ya kusaga huongeza chuma ndani ya unga, na ndiyo maana viwanda makini husaga alumina kwa mipira ya alumina na zirkonia kwa mipira ya zirkonia, ili kinacholika kiwe ni kitu kilekile. Hata hivyo safari ya unga haiishii kwenye kinu. Hupita kwenye mabomba, pampu na nyavu za chekeche, kisha, ukiwa umechanganywa na maji na gundi, hunyunyizwa ndani ya mnara wa hewa ya moto ili ugeuke kuwa vidonge vidogo vinavyotiririka vizuri ndani ya kalibu, na kila kiungo cha safari hiyo kina metali inayosuguliwa na unga ambao ni mgumu kuliko metali yenyewe. Kinga inayotumika sana ni sumaku zenye nguvu zinazowekwa kwenye njia ya mchanganyiko. Sumaku hizo ni muhimu, lakini zina upofu wake: kutu nyekundu huvutwa na sumaku kwa udhaifu mno, na aina nyingi za chuma kisichoshika kutu, ambacho ndicho hasa hutengenezewa nyavu na mabomba, hazivutwi kabisa. Uzi mmoja wa chekeche uliokatika unaweza kupita mbele ya sumaku zote ukafika kwenye kalibu.

Ukifika huko na ukachomwa, uzi huo hugeuka oksidi na kuanza kuenea ndani ya alumina inayouzunguka, hata doa linaloonekana baada ya tanuri huwa kubwa kuliko kipande cha chuma kilicholizaa. Kwenye kipande cheupe doa hilo la kahawia au jeusi ni aibu tu ikiwa kipande ni cha kuonekana, lakini kwenye kihami cha umeme wa msongo mkubwa, yaani kitu kinachowekwa ili kuuzuia umeme usipite, doa lenye oksidi ya chuma ni sehemu dhaifu mahali ambapo mteja amelipia nguvu sawa kila upande.

Kuna uchafu ambao hauachi doa wala tundu bali hubadilisha namna chembe zinavyokua, na hapa historia ya taa za barabarani inafundisha jambo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Robert Coble wa kampuni ya General Electric nchini Marekani aligundua kwamba kiasi kidogo mno cha magnesia, yaani oksidi ya magnesi, kikichanganywa na unga wa alumina huzuia chembe zisikue kwa fujo, na hivyo matundu yote hupata nafasi ya kutoka na kauri huwa inapitisha mwanga. Mirija ya alumina ya namna hiyo ndiyo iliyowezesha taa za sodiamu zenye mwanga wa njano zilizoangaza barabara za miji mingi duniani kwa miongo kadhaa. Kiasi kilichohitajika hakikufika hata asilimia moja. Sasa, ikiwa kiasi kidogo hivyo cha kitu kilichotiwa kwa makusudi kinaweza kuubadilisha mwenendo wa kauri nzima, hakuna sababu ya kushangaa kwamba kiasi kidogo vilevile cha kitu kilichoingia bila kukusudiwa kinaweza kufanya hivyo kwa upande wa madhara. Kalsiamu na silika, ambazo zimo katika vumbi la saruji, maji ya bomba na mchanga, huunda kwa pamoja kimiminika chembamba cha kioo kati ya chembe za alumina wakati wa kuchomwa, na baadhi ya chembe zilizoguswa na kimiminika hicho hurefuka na kuwameza majirani zake. Vumbi hilo likitua juu ya umbo bichi, matokeo ni uso wenye chembe kubwa zilizokaa ovyo juu ya mwili wenye chembe ndogo zilizopangika, na mipaka ya chembe hizo kubwa ni njia rahisi kwa ufa.

Tanuri lenyewe halipaswi kuaminiwa. Ushahidi mzuri zaidi wa uwezo wake wa kuchafua unatoka kwa mafundi wa zamani walioutumia uwezo huo kama sanaa: wafinyanzi wa Westerwald na maeneo mengine ya bonde la mto Rhine, Ujerumani, kwa karne nyingi walitupa chumvi ya kawaida ndani ya tanuri lililokwisha kupata moto mkali, chumvi ikageuka mvuke, na sodiamu iliyotokana nayo ikaungana na silika ya udongo kufanya tabaka la kioo linalong'aa juu ya kila mtungi. Hapakuwa na haja ya kupaka kitu chochote kwa mkono, kwa kuwa mvuke ulifika kila upande. Ulifika pia kwenye matofali ya tanuri, na tanuri lililotiwa chumvi huendelea kuvipa vyombo vya baadaye tabaka la kioo hata siku ambayo hakuna chumvi iliyotupwa. Kwa mfinyanzi hiyo ilikuwa neema. Kwa mtengenezaji wa kauri za kiufundi, mambo hayohayo yakitokea kwa kiasi cha kutoonekana kwa macho ni hasara, maana sodiamu iliyonywewa na matofali wakati wa kuchoma kundi moja hurudi kama mvuke na kutua juu ya kundi jingine. Ndiyo maana viwanda vinavyoelewa kazi hii hutenga matanuri kwa aina za bidhaa, na haviruhusu kauri yenye sodiamu nyingi ichomwe leo pale ambapo kesho patachomwa vihami vya ombwe, yaani nafasi iliyoondolewa hewa.

Maabara ndogo za meno zimelijifunza jambo hilo kwa njia ya rangi. Taji la zirkonia huchongwa na mashine kutoka kwenye kitalu kilichochomwa nusu, kisha huchomwa kikamilifu kwa nyuzijoto 1,450 hadi 1,550 katika tanuri dogo la umeme, na mara nyingi vipashio vya tanuri hilo hutengenezwa kwa kampaundi ya molibdeni na silikoni. Vipashio hivyo hujikinga kwa ngozi nyembamba ya silika inayoota juu yake. Ngozi hiyo ikichubuka, au vipashio vikichakaa, vitu vinavyotoka humo hutua juu ya meno na kuyapa rangi ya manjano au ya kijani ambayo haiwezi kufutwa, kwa sababu imo ndani ya kauri. Kosa jingine linalofanana na hilo ni kuchonga zirkonia kwenye mashine iliyotoka kuchonga aloi ya kobalti na kromi bila kuisafisha barabara. Vumbi la metali hujipenyeza katika matundu ya kitalu kilicho laini kama chaki, halionekani kabla ya kuchomwa, na hujitokeza kama madoa baada ya kazi yote kukamilika, wakati mgonjwa amekwisha kupangiwa siku ya kuja kuvalishwa.

Baada ya tanuri, mambo hugeuka upande wa pili. Kauri iliyochomwa haimezi tena uchafu kwa urahisi, lakini sasa imekuwa ngumu kuliko karibu kila kitu kitakachoigusa, na ugumu huo unaleta uchafuzi wa aina yake. Alumina ina daraja la 9 katika kipimo cha ugumu cha Mohs, chini ya almasi yenye 10, na kibano cha chuma kikiteleza juu yake, kinachokwaruzika si kauri bali ni kibano: uso wa kauri hukitafuna chuma kama tupa na kubaki na mstari wa kijivu. Wakaguzi wapya huuona mstari huo na kudhani kwamba ni ufa au mkwaruzo, wakatupa kipande kizima. Wengine huufahamu, lakini hudhani hauna madhara kwa kuwa haukukata kitu. Wote wamekosea. Mstari huo ni metali iliyopakwa, na juu ya kihami ni njia ya umeme, ilhali kipande kikipelekwa motoni tena mstari hugeuka kuwa doa la oksidi lililoelezwa hapo juu. Juu ya kichwa cha nyonga bandia, ambacho hung'arishwa hadi mparuzo wake uhesabiwe kwa nanomita, yaani sehemu za milioni za milimita, metali iliyopakwa kwa kugusana na kikombe cha titani wakati wa upasuaji huongeza mparuzo mahali palepale ambapo ulaini ulitafutwa kwa gharama kubwa. Kwa hiyo vipande hushikwa kwa vibano vya plastiki au vya kauri, hupangwa juu ya meza zisizo za metali, na pale mstari unapokuwa umetokea, huondolewa kwa asidi inayoyeyusha metali bila kuigusa alumina.

Uchongaji wa mwisho nao huleta masalia yake. Kwa kuwa kauri iliyochomwa haikatwi na chuma, husagwa kwa magurudumu yenye chembe za almasi, na katika magurudumu mengi chembe hizo hushikiliwa na shaba iliyochanganywa na bati; shaba hulika pamoja na kazi, ikaingia katika mifereji midogo iliyoachwa na almasi, pamoja na maji ya kupoozea yenye mafuta na sabuni. Sehemu hiyo ikipelekwa kwenye kiwanda cha chipu, mnunuzi hatauliza kama inaonekana safi. Atauliza ni atomi ngapi za shaba, chuma na sodiamu zilizopo juu ya kila sentimita ya mraba, na kiwango anachokitaka kwa kisahani chake cha silikoni huweza kuwa cha atomi bilioni 10 kwa eneo hilo. Idadi hiyo husikika kubwa hadi itakapolinganishwa na atomi za uso wenyewe, ambazo ni takribani milioni bilioni moja kwa sentimita ya mraba; kinachoruhusiwa ni atomi moja ya uchafu kwa kila atomi 100,000.

Ukali huo una sababu ya kihistoria. Transista za mwanzo zilizojengwa kwa tabaka jembamba la silika juu ya silikoni zilikuwa zikibadilika tabia zikiwa kazini, na mwaka 1965 watafiti wanne wa kampuni ya Fairchild Semiconductor nchini Marekani, Snow, Grove, Deal na Sah, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba chanzo ni ioni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, hasa za sodiamu, zilizokuwa zikisafiri ndani ya silika hiyo kila umeme ulipowashwa. Sodiamu imo katika jasho, katika kioo, katika maji na katika kemikali nyingi zisizosafishwa vya kutosha, kwa hiyo kila kitu kilichokaribia kisahani, sehemu za kauri zikiwemo, kililazimika kuchunguzwa upya.

Tabaka ambalo halionekani kabisa ndilo linalohitaji subira kubwa kulieleza. Uso wa oksidi uliotoka kusafishwa huvuta molekuli za kaboni zilizoko hewani, kutoka kwenye mafuta ya mashine, vipodozi, plastiki na moshi, na ndani ya muda mfupi hufunikwa na utando wenye unene wa nanomita moja au chache. Wanaopima nyuso kwa miale ya eksirei hukuta kaboni hiyo karibu kila mara, hata kwenye sampuli zilizooshwa kwa uangalifu. Kwa kikombe cha chai utando huo si kitu. Kwa kauri inayotakiwa kuunganishwa na metali ili kufunga ombwe, ni jambo la kufa na kupona. Njia iliyokomaa zaidi ya kuunganisha hivyo, iliyoanzia katika viwanda vya valvu za redio nchini Ujerumani katika miaka ya 1930, ni kupaka alumina rangi yenye unga wa molibdeni na manganizi, kuichoma kwa karibu nyuzijoto 1,450 katika haidrojeni yenye unyevu, kuifunika kwa nikeli, kisha kuichomelea metali kwa aloi ya fedha asilimia 72 na shaba asilimia 28 inayoyeyuka kwa nyuzijoto 780. Katika hatua hizo zote, kimiminika kinatakiwa kutandaa juu ya uso. Mahali penye alama ya kidole au tone la mafuta ya silikoni, hakitandai vizuri, bali hukusanyika na kuacha njia nyembamba ambayo gesi ya heliamu, inayotumika kupima uvujaji, itaipata hata kama hakuna jicho litakaloiona.

Kipimo cha kwanza cha utando huo ni rahisi mno, na kinafaa kuheshimiwa kuliko kinavyoheshimiwa. Kipande huchovywa katika maji safi na kuinuliwa polepole. Ikiwa uso ni safi, maji hubaki juu yake kama karatasi moja isiyokatika. Ikiwa kuna mafuta, karatasi hiyo huchanika, maji hurudi nyuma kuzunguka sehemu chafu na kujikusanya kuwa matone, hata umbo la kidole kilichogusa huweza kuonekana wazi. Kipimo hiki hakielezi uchafu ni wa aina gani, wala hakigundui chumvi, kwa kuwa chumvi huyapenda maji. Lakini hutumia sekunde chache, na fundi aliyekizoea hutambua kosa kabla halijapelekwa kwenye tanuri la haidrojeni.

Ni kosa kudhani kwamba kuosha daima hupunguza uchafu. Beseni la mawimbi ya sauti yasiyosikika, ambalo hutikisa maji na kuchomoa uchafu kwenye mianya, likitumiwa kutwa nzima bila kubadilishwa maji huhamisha mafuta ya kipande cha asubuhi kwenda kwenye kipande cha jioni. Maji ya bomba yakiachwa yakauke juu ya kauri huacha kalsiamu na sodiamu yote iliyokuwamo. Mfano unaoonyesha hatari hii kwa ukamilifu unatoka tena kwa madaktari wa meno: taji la zirkonia likijaribiwa mdomoni, fosfati zilizomo katika mate hujishikiza kwenye uso wake kwa vifungo vya kikemia na kukalia nafasi zilezile ambazo gundi ilizihitaji, na daktari akiamua kulisafisha kwa asidi ya fosforiki, ambayo ameizoea kwa kazi nyingine za meno, huongeza fosfati juu ya fosfati. Kinachosaidia ni kupuliza chembe za alumina juu ya uso kwa shinikizo dogo, au kutumia dawa iliyojaa chembe za zirkonia ambazo fosfati hukimbilia zikaacha taji.

Kwa kauri za ombwe, usafishaji hufuata mpangilio ambao mantiki yake inatokana na yote yaliyoelezwa: kwanza mafuta huondolewa kwa sabuni yenye alkali au kwa kiyeyushi, kwa sababu asidi haipenyi chini ya mafuta, kisha asidi huondoa metali, kisha maji yaliyotolewa madini husuuza hadi umeme usipite ndani yake kwa urahisi, na mwisho kipande hupashwa moto hewani kwa nyuzijoto 800 hadi 1,000 ili kaboni iliyobaki iungue. Hapo ndipo moto unapofanya kazi inayoufaa, kwa kuwa yasiyoungua yamekwisha kuondolewa.

Kilichobaki ni kukifikisha kipande kwa mtumiaji kikiwa katika hali hiyo, na hapo kazi nyingi nzuri huharibika ndani ya mfuko. Plastiki ya kawaida ya kufungashia huchanganywa na vilainishi ili mifuko isishikane, na vilainishi hivyo hutoka taratibu na kuhamia juu ya chochote kilichofungwa humo. Glavu nyingi zina unga au mabaki ya silikoni. Sponji za kukinga mtikisiko hutoa mvuke wake wenyewe. Wanaofungasha sehemu za ombwe huzizungushia karatasi ya alumini kwanza, lakini si ile inayouzwa kwa ajili ya jikoni, kwa sababu karatasi hiyo huweza kubaki na mabaki ya mafuta ya mitambo iliyoikandamiza kiwandani. Hununua iliyothibitishwa kuwa haina mafuta, au huipasha moto kwanza ikiwa wazi, na huikata wakiwa wamevaa glavu zilezile safi watakazotumia kuigusa kauri.